Ukubwa wa Mijusi wa Visiwani na Ushahidi Uliopotea

Katika watambaao wote, mjusi ndiye jirani wa karibu wa mwanadamu, na huenda ndiye asiyetazamwa kuliko wote. Hukaa ukutani, darini na penye ua, na watu humpita usiku na mchana pasipo kumjali. Walakini kiumbe huyu amewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka mia, na sababu yake ni jambo lililo rahisi kulitaja na gumu kulieleza. Aina nyingi za mijusi zilizofika katika visiwa vya mbali hazikudumu katika ukubwa wa jamaa zao wa bara. Baadhi zilikua zikawa majitu, na nyingine zilipungua zikawa ndogo kuliko wazee wao wa kale.

Je, ni nini kiongezacho au kipunguzacho mwili wa mjusi kisiwani? Jibu lilitafutwa kwa muda mrefu katika sura ya kanuni, yaani amri moja ya maumbile itawalayo visiwa vyote. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo, hata pale ilipo na ukweli, haiwezi kusomwa sawasawa bila historia. Maana mijusi tunaowapima leo si mijusi wote waliokuwako. Ni masalio. Waliokuwa wakubwa kabisa walitangulia kuondoka, na kwa sehemu kubwa waliondolewa na mkono wa binadamu na wanyama aliofuatana nao. Mtaalamu apimaye masalio akadhani amewapima wote hufanana na hakimu akataye shauri kwa kusikia upande mmoja.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini mjusi hufika mahali ambapo wanyama wengine hushindwa. Mnyama wa damu moto, kama panya au paka, hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kuutia mwili joto. Mjusi hupata joto lake kwa jua na kwa mwamba uliopigwa na jua, kwa hiyo chakula kidogo humtosha kwa siku nyingi. Gogo likichukuliwa na mafuriko ya mto na kutupwa baharini, panya aliyemo huelekea kufa kwa njaa na kiu kabla ya gogo kufika pwani nyingine. Mjusi, au mayai yake yaliyofichwa katika gome, huweza kufika salama. Ndiyo sababu visiwa vingi vilivyo mbali na bara havikuwa na mnyama wa nchi kavu anyonyeshaye, ila popo arukaye, lakini vilikuwa na mijusi.

Mjusi akishafika hukuta nchi isiyo na wenyewe. Hapana paka mwitu, hapana nguchiro, na mara nyingi hata nyoka hapana. Nafasi ambayo kwingineko imekaliwa na sungura alaye majani, au na mnyama mdogo awindaye usiku, i tupu yangoja wa kuikalia. Mwili mkubwa humfaa mkazi wa nchi kama hiyo kwa njia nyingi. Tumbo pana huweza kuyasaga majani na matunda, chakula ambacho mjusi mdogo hawezi kukitegemea. Dume kubwa humshinda mwenziwe katika kugombea jike na makao. Lakini mwili mkubwa ni deni pia, maana hudai chakula kingi, na kisiwa chenye chakula haba huwaua wadaiwa wakubwa kabla ya wadogo. Basi katika visiwa vyote mizani hii miwili hupimana: faida ya ukubwa na gharama yake. Matokeo hutegemea mahali, wakati na ukoo wa mjusi mwenyewe.

Habari za kwanza za mijusi wakubwa wa visiwani hazikuandikwa na wataalamu, bali na wasafiri waliokuwa na njaa. Mnamo mwaka wa 1691 Mfaransa mmoja aitwaye François Leguat, aliyeikimbia nchi yake kwa ajili ya mateso ya dini, alishuka pamoja na wenzake wachache katika kisiwa cha Rodrigues, mashariki ya Mauritius. Walikaa huko mpaka 1693, na kitabu cha safari yake kilitokea mnamo 1708. Humo alitaja mijusi wa namna mbili: wa mchana wenye rangi za kupendeza, na wa usiku wenye rangi ya kijivujivu na sura mbaya, wanene na warefu kama mkono wa mtu. Leguat alikuwa mtu wa kutazama kwa makini, naye hakusahau kueleza kwamba nyama ya hao wa usiku haikuwa mbaya sana. Maneno hayo machache ni ya thamani. Huonyesha kwamba mnyama na mtu walikutana, na kwamba tangu siku ya kwanza mnyama alitazamwa kwa jicho la mpishi.

Mijusi wale wawili walikuwa wa jamii ya mjusi kafiri, yule abandikaye ukutani kwa vidole vyake vipana, nao walikuwa wa kabila lile la mijusi wa kijani wakaao katika minazi na migomba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Jamaa zao wako hata katika pwani yetu. Pemba ina aina yake ya kijani isiyopatikana mahali pengine duniani, iliyopewa jina la kitaalamu na Arthur Loveridge mnamo 1941, na Unguja ina aina nyingine iliyoenea pia Ngazija na visiwa jirani. Hao wa kwetu hawafiki sentimita 20 kutoka pua hata ncha ya mkia. Jitu la Rodrigues lilifika kiasi cha sentimita 40. Jina lake la kitaalamu lilitolewa mnamo 1842 na Liénard. Mnamo 1874 Waingereza walipokwenda Rodrigues kuitazama Zuhura ikipita mbele ya jua, walifuatana na wataalamu wa viumbe waliochimba mapango ya kisiwa wakachukua mifupa ya wanyama wengi ambao hawakuonekana tena juu ya ardhi. Panya walikwisha kuwako zamani za Leguat, naye aliwalalamikia. Paka walikuja nyuma yao. Mjusi yule wa usiku hayuko tena. Yule wa mchana naye alitoweka katika karne ya 20.

Mauritius yatupa mfano wa pili. Katika kinamasi kiitwacho Mare aux Songes, palipofukuliwa mifupa mingi ya ndege dodo tangu 1865, ilipatikana pia mifupa ya mjusi mkubwa wa jamii ya guruguru, mwenye magamba laini na miguu mifupi. Mtaalamu Albert Günther wa London alimweleza mnamo 1877. Hapana mtaalamu aliyepata kumwona mjusi huyo akiwa hai, maana panya walioshuka na merikebu za wageni, pamoja na nguruwe, paka na nyani waliofuata, waliimaliza hesabu yake mapema. Mdogo wake, aitwaye mjusi wa Telfair, naye aliondolewa katika nchi kubwa ya Mauritius, asibaki ila katika kisiwa kidogo cha Round Island, mahali ambapo panya hawakufika. Jambo hili tuliweke moyoni, kwa sababu tutalirudia: kati ya ndugu wawili mkubwa aliangamia, na mdogo alisalia penye mwamba mmoja tu.

Mfano wa tatu watoka upande wa pili wa Afrika, katika visiwa vya Cape Verde. Huko, katika visiwa viwili vikavu viitwavyo Branco na Raso, aliishi mjusi mkubwa wa jamii hiyo hiyo ya guruguru, alaye mimea na mbegu. Historia ya jina lake ni ya ajabu. Wafaransa walipoishika Lisbon, mtaalamu wao Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alichukua mnamo 1808 vitu vingi kutoka nyumba ya makumbusho ya huko akavipeleka Paris. Miongoni mwake alikuwamo mjusi huyu, wala hapakuwa na maelezo ya alikotoka. Wataalamu Duméril na Bibron walimpa jina mnamo 1839 bila kuyajua makao yake, na miaka zaidi ya 30 ilipita kabla ya wenzao wa Lisbon kuyatambua. Lakini wavuvi wa visiwa vile walimjua siku zote. Walimla nyama na kuyatumia mafuta yake kama dawa, na husimuliwa kwamba wafungwa walioachwa Branco mnamo 1833 waliokoka kwa kumla yeye. Baada ya wataalamu kupata habari zake, watafutaji wa vitu vya makumbusho wakaongezeka juu ya wavuvi, na ukame ukaongezeka juu ya wote. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa haonekani tena, na mnamo 2013 alihesabiwa rasmi kuwa ametoweka duniani.

Sasa tumtazame mjusi aliyewapa watu wa karne ya 20 picha ya jitu la kisiwani, naye ni kenge wa Komodo. Kisiwa cha Komodo ki katika Indonesia, kati ya Sumbawa na Flores. Wenyeji walimjua kwa jina la ora. Mnamo 1910 ofisa wa serikali ya Kiholanzi katika Flores, van Steyn van Hensbroek, alisikia habari za mamba wa nchi kavu, akaenda, akampiga mmoja risasi, akaipeleka ngozi na picha kwa Peter Ouwens, mkuu wa makumbusho ya wanyama huko Buitenzorg katika Java, mji uitwao leo Bogor. Ouwens alitangaza jina lake la kitaalamu mnamo 1912. Huyu ni mjusi aliye mkubwa kuliko wote walio hai: mkubwa wao huweza kufika mita 3, naye humkamata paa na hata nyati.

Ni nani ambaye asingesema kwamba kisiwa ndicho kilichomkuza? Mijusi wa kawaida walikuwa bara, na mjusi mkubwa kupita kiasi alikuwa kisiwani. Hesabu ilionekana imekwisha. Walter Auffenberg, aliyekaa karibu mwaka mzima pamoja na kenge hao mnamo 1969 na 1970, alitafakari walikula nini kabla ya watu kuwaleta paa na nyati katika visiwa vile. Mnamo 1987 Jared Diamond aliuliza hadharani kama kenge wa Komodo hakukua ili awale tembo wadogo waliokuwako Flores zamani, ambao mifupa yao imepatikana. Wazo hilo lilipendeza sana: tembo amepungua kisiwani, mjusi ameongezeka, na mmoja amekuwa chakula cha mwenziwe.

Wazo hilo lilipendeza zaidi kwa kuwa kanuni ilikwisha kuwekwa tayari kulipokea. Mnamo 1964 Bristol Foster, mtaalamu wa Kanada ambaye katika miaka hiyo ya 1960 alifundisha Nairobi na kuwachunguza twiga wa mbuga iliyo karibu na mji huo, alitoa makala fupi juu ya wanyama wanyonyeshao wa visiwani. Alionyesha kwamba panya wa visiwani huelekea kuwa wakubwa kuliko wa bara, na kwamba wanyama walao nyama na wenye kwato huelekea kuwa wadogo. Mnamo 1973 Leigh Van Valen aliliita jambo hilo kanuni ya visiwa. Foster hakuwa amezungumza juu ya mijusi, lakini kanuni ikishapata jina hutafuta raia wa kuwatawala, na mijusi walikuwa raia walio karibu.

Haki yataka tuseme kwamba wapo waliokwenda polepole zaidi. Ted Case alitazama mijusi wanene walao majani katika visiwa vya Ghuba ya California, ambako aina mbili zimewazidi uzito jamaa zao wa bara mara kadhaa. Mnamo 1978 alieleza kwamba ukubwa wa mnyama wa kisiwani hutokana na hesabu ya mambo matatu: chakula kilichopo, adui aliyepo au asiyekuwapo, na desturi ya mnyama ya kulinda eneo lake. Badilisha moja katika hayo, na jibu hubadilika. Maelezo haya hayakuwa na utamu wa amri moja, lakini yalikuwa na faida ya kuweza kupimwa.

Kupimwa kwake kwaonekana wazi katika visiwa vya Galápagos, kwa mijusi waitwao iguana wa baharini, ambao Charles Darwin aliwaona mnamo 1835. Hawa hupiga mbizi na kula majani ya baharini. Katika kisiwa cha Genovesa madume makubwa hayapiti sana uzito wa kilo 1, lakini katika Isabela na Fernandina, penye maji baridi yenye malisho tele, huweza kufika kilo 10 na zaidi. Wote ni wa aina moja. Martin Wikelski na wenzake walionyesha kwamba madume makubwa ndiyo yapatayo majike, lakini maji yakipata joto katika miaka ya El Niño na malisho yakafa, hao wakubwa ndio watanguliao kufa njaa. Mnamo 2000 Wikelski na Corinna Thom walitangaza jambo la kustaajabisha zaidi: katika miaka hiyo ya njaa baadhi ya iguana hupungua urefu wa mwili, hata kufika sehemu moja katika tano, na maji baridi yakirudi hukua tena. Hapa mizani ya faida na gharama yaonekana kwa macho. Ukubwa hautoki kwa neno kisiwa. Hutoka kwa malisho ya kisiwa hiki, katika mwaka huu.

Huo ndio uliokuwa mwendo wa elimu mpaka mnamo 1986, wakati Gregory Pregill alipoleta ushahidi kutoka chini ya ardhi. Wengi kabla yake walipima mijusi walio hai na kulinganisha visiwa kwa visiwa. Pregill aliitazama mifupa. Alikuwa amekwisha kushirikiana na David Steadman na Storrs Olson katika kuchunguza mifupa ya kisiwa cha Antigua katika Bahari ya Karibi, na matokeo yao yalitangazwa mnamo 1984: wanyama wengi wa kisiwa kile walikuwako mpaka miaka elfu chache iliyopita, kisha wakatoweka watu walipofika. Katika makala ya 1986 aliikusanya mifupa ya mijusi kutoka visiwa vya bahari mbalimbali, akaona jambo lile lile likirudiwa. Mijusi wakubwa walikuwa wametoweka, na mahali pengine waliosalia wa aina ile ile walikuwa wadogo kuliko mababu zao ambao mifupa yao imo mapangoni. Wala mabadiliko hayo hayakuwa ya zamani zisizohesabika. Yalifuata nyayo za watu.

Maana ya habari hii ni nzito. Mtu akienda Antigua leo akapima mijusi na kusema kwamba visiwa vya namna hii huzaa mijusi wa wastani, amesema kweli juu ya mijusi aliowapima na ameikosa kweli ya kisiwa. Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Katika baraza za watu methali hiyo ni onyo kwa mtoro. Katika elimu ya viumbe imekuwa kosa la hesabu, maana wasiokuwapo ndio waliokuwa na neno kubwa.

Mvuvi yeyote wa pwani aweza kueleza jinsi jambo hili linavyotendeka. Wavu wenye matundu mapana huwanasa samaki wakubwa na kuwaacha wadogo kupita. Ukitegwa mwaka baada ya mwaka penye maji yale yale, samaki wanaosalia kuzaa ni wale waliowahi kuzaa wakiwa wadogo, na baada ya miaka mingi bahari yaonekana kana kwamba haikupata kuwa na samaki mkubwa. Mtu, mbwa na paka ni wavu wa namna hiyo juu ya kisiwa. Mjusi mkubwa huonekana kwa mbali, ana nyama ya kutosha kumlipa mwindaji taabu yake, hawezi kujificha katika ufa mwembamba, na mara nyingi huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa. Zaidi ya hayo, aliyezaliwa pasipo adui hajui kukimbia.

Ushahidi wa mifupa ulimgeukia hata kenge wa Komodo. Mnamo 2009 Scott Hocknull na wenzake walieleza mifupa iliyopatikana Queensland katika Australia, nayo ilionyesha kwamba kenge wa aina hiyo hiyo aliishi katika bara lile zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita, akiwa na ukubwa kama wa leo. Mifupa ya Flores nayo ilionyesha kwamba tangu kiasi cha miaka 900,000 iliyopita ukubwa wake katika kisiwa kile haukubadilika sana. Basi kisiwa hakikumfanya jitu. Alifika akiwa jitu, kisha jamaa zake wa Australia, pamoja na kenge mwingine aliyekuwa mkubwa kumshinda, wakatoweka. Aliyesalia kisiwani alidhaniwa kuwa mtoto wa kisiwa, kumbe ni mkimbizi wa bara.

Tena, yule yule aliyekuwa mfano wa kukuzwa na kisiwa hutoa mfano wa kupunguzwa nacho. Tim Jessop na wenzake waliwapima kenge wa visiwa mbalimbali vya eneo la Komodo, wakaonyesha mnamo 2006 kwamba katika visiwa vidogo vya Gili Motang na Nusa Kode, penye paa wachache, kenge wakubwa kabisa ni wadogo sana kuliko wale wa Komodo na Rinca, penye paa wengi. Na paa hao, kama tulivyosema, waliletwa na watu. Kwa hiyo hata mwili wa kenge wa leo, anayetazamwa na wageni kama salio la zamani zisizoguswa, una alama ya mkono wa mwanadamu.

Je, kanuni ya visiwa imekufa? Majibu ya wataalamu hayakupatana. Mnamo 2007 Shai Meiri alikusanya vipimo vya mijusi wa visiwa vingi, akasema kwamba mijusi kwa ujumla hawaifuati kanuni ile. Mnamo 2021 Ana Benítez-López na wenzake, kwa hesabu kubwa iliyochukua aina zaidi ya 1,000 za wanyama wa visiwani wenye uti wa mgongo, walisema kwamba kanuni yaonekana kwa wanyonyeshao, ndege na watambaao pia. Msomaji asishangae. Wote wawili wamefanya kazi kwa uaminifu, na tofauti yao yatokana kwa sehemu na njia ya kuhesabu. Lakini kati yao limo neno la tatu. Mnamo 2016 Alex Slavenko, akiwa pamoja na Meiri na wengine, walitazama watambaao waliotoweka katika makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, wakakuta kwamba wengi mno walikuwa wa visiwani, na kwamba waliotoweka walikuwa wakubwa kuliko waliosalia. Basi hesabu yoyote ya walio hai, iwe ya kuithibitisha kanuni au ya kuikana, hufanywa katika daftari ambalo kurasa zake za mwisho zimechanwa, na kurasa hizo ndizo zilizoandikwa majina ya wakubwa.

Hata hivyo kurasa nyingine zilizodhaniwa kuwa zimepotea zimepatikana. Visiwa vya Kanari, mkabala wa pwani ya Moroko, vilikuwa na mijusi wakubwa sana. Mmoja, aliyeelezwa kwa mifupa na Robert Mertens mnamo 1942, alikadiriwa kufika karibu mita 1. Watu wa kwanza waliofika huko pamoja na mbuzi, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, waliwala, na paka waliofika baadaye waliendeleza kazi ile. Mjusi mkubwa wa kisiwa cha Hierro, aliyepewa jina mnamo 1889, alijulikana tu katika mwamba mmoja uliomo baharini, na kufika katikati ya karne ya 20 alikuwa amemalizwa pale. Lakini katika miaka ya 1970 waligunduliwa wachache katika genge la Hierro lenyewe. Mnamo 1996 aina nyingine iligunduliwa katika magenge ya Tenerife, na mnamo 1999 nyingine katika La Gomera. Wote walipatikana penye miteremko ambayo mbuzi na paka hupita kwa shida.

Hapa pana funzo la pili juu ya masalio. Mtu angeweza kuandika kwamba mijusi hao ni viumbe wa magenge, wapendao miamba mikavu na chakula haba. Mifupa yasema walienea hata nchi za chini zenye malisho, na kwamba walikuwa wakubwa kuliko hawa. Genge si makao waliyoyachagua. Ni mahali walipoachiwa. Anayewalea leo ili awarudishe nyikani hana budi kujiuliza anamrudisha mjusi yupi, yule aliyepimwa gengeni au yule aliyemo pangoni.

Round Island yajibu kwa matendo. Kisiwa hiki hakikupata panya, lakini katika karne ya 19 watu waliweka huko mbuzi na sungura, nao wakala miche ya mitende mpaka udongo ukachukuliwa na mvua. Mbuzi wa mwisho waliondolewa mnamo 1979, na sungura mnamo 1986. Mimea ikaanza kurudi, na wadudu pamoja nayo, na mijusi wakaongezeka. Mnamo 2006 na 2007 mijusi wa Telfair walichukuliwa kutoka mwamba ule wakapelekwa katika visiwa vingine vidogo vya Mauritius vilivyosafishwa panya, ambako jamaa zao hawakuonekana tangu zamani. Kwa mara nyingine mjusi amewekwa katika kisiwa kipya, safari hii kwa hiari ya watu, na mizani ya chakula na adui imeanza kupima upya. Vizazi vyake vitakua au vitapungua, na watakaokuja baada yetu watakuwa na kipimo cha mwanzo cha kulinganisha, jambo ambalo Leguat na wavuvi wa Branco hawakutuachia.

Kwa hiyo mwanafunzi wa mageuko ya viumbe asiidharau kanuni, maana bila kanuni vipimo ni chungu ya namba tu. Lakini kabla ya kumpima mjusi wa kisiwa na aulize mambo manne: alifika akiwa na ukubwa gani, alikuta chakula gani, alimkuta adui gani, na ni nani aliyekuwa akiishi naye ambaye leo hayupo. Swali la nne ndilo lililosahauliwa kwa muda mrefu, na ndilo linaloihusu historia. Maumbile yalichukua mamia ya maelfu ya miaka kuikuza mijusi ile. Merikebu moja yenye panya yatosha kuifuta. Na kikishafutwa kisiwa, mwenye kuja nyuma hukuta mijusi wadogo wakiota jua, akatoa kipimo chake, akaandika kwamba hivyo ndivyo walivyokuwa siku zote.